Reale saba za bibi: kumbe nyingine zilipigwa hapa Brussels

Mama alipofariki, baba akiwa ameshatangulia, alituachia kidani cha fedha chenye reale saba na jambia la babu. Sisi tuko watatu: dada yuko Maskati, kakangu yuko Mombasa, na mie, mwalimu mstaafu, niko Brussels kwa binti yangu. Hesabu ya mirathi yetu ni nyepesi, mafungu manne: kaka mawili, sisi wanawake moja moja. Tabu ilikuwa kujua mafungu manne ya kiasi gani.

Dada alishajipa jawabu. Reale zote zimeandikwa 1780, basi ni za zaidi ya miaka mia mbili, na kitu cha umri huo ni mali. Kaka naye alimuonesha sonara picha, akaambiwa fedha hupimwa kwa mzani, basi. Ikafika hadi hawasalimiani vizuri kwenye simu. Kidani kilikuwa kwangu, nikaambiwa nikitafutie thamani huku huku Ulaya.

Nilianza vibaya. Dalali mmoja wa vitu vya kale alikipindua mara moja tu, akataja euro 90 kwa chote, akanihimiza niamue kabla hajafunga duka. Binti yangu akanivuta mkono tukatoka. Mtu anayekwambia bei ndiye huyo huyo anayetaka kununua? Hata Mwembe Tayari tungemcheka.

Baadaye nikaelewa mji huu unavyokwenda. Place du Jeu de Balle pana gulio la vikuukuu kila siku, huko ni bahati yako. Grand Sablon ndiko yaliko maduka ya vitu vya kale, na mwisho wa wiki hutandazwa soko uwanjani. Nyumba nyingi za mnada hukutazamia kitu chako bure, lakini bei wanayotaja ni makadirio ya mnada wao, na kamisheni wanakata. Kwa mirathi, tafuta mthamini asiyenunua wala kuuza, anayelipwa kwa saa au kwa kazi. Akitaka asilimia ya thamani, muache, maana ana sababu ya kuipandisha. Akuandikie ripoti yenye picha, vipimo, uzito, hali ya kitu, tarehe, na thamani hio ni ya kazi gani. Thamani si moja. Ya bima ni ya kununulia kingine mfano wake dukani, nayo huwa juu. Ya mnada huwa chini. Dada na kaka wangeweza kugombana miaka, kila mmoja na karatasi ya kweli mkononi.

Mthamini niliyempata alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Kwanza alinikataza kukisugua. Nami nilishanunua ndimu!

Kisha akashika lenzi. Mwaka 1780, akatueleza, ndio aliofariki Maria Theresa, malkia aliyechorwa kwenye reale. Tangu hapo mwaka huo haukubadilishwa, kwani wafanyabiashara walizoea sura ile ile na uzito ule ule: gramu 28 na kidogo, fedha safi humo ikiwa kama gramu 23. Oman zilitumika hadi rial saidi ilipoingia 1970. Zilipigwa Vienna, na kuanzia miaka ya 1930 zikapigwa pia London, Paris, Roma, na hapa Brussels kuanzia 1937 hadi 1957. Ukitaka kujua ipi ni ya wapi, unatazama lulu za pini iliyo begani mwa malkia na manyoya ya mkia wa tai.

"Tatu kati ya hizi saba," akasema, "naona ni za hapa hapa."

Kituo cha metro cha Hôtel des Monnaies, ninachopita nikienda sokoni, kimepewa jina la kiwanda hicho cha sarafu.

Jambia liko kwa dada. Nilimuonesha mthamini picha zake, akauliza mpini ni wa nini. Wa kipusa, nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Biashara ya kimataifa ya pembe za kifaru imepigwa marufuku tangu 1977, na hata kitu cha zamani ukikivusha mpaka bila kibali unaweza kunyang'anywa na kushtakiwa. Dada alitaka kumpa mtu alilete mkobani! Nikampigia pale pale nje ya mlango.

Siku ile ile nilimpigia mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, nikamsimulia habari za Brussels. Akacheka. Kwani hamjui? Bibi, akiwa Ibra, kila akijifungua alimpelekea sonara reale moja aiunganishe. Watoto saba, reale saba. Mama yetu ni wa tano, kazaliwa 1940. Wanne waliomtangulia walizaliwa kabla ya 1937.

Dada alipoyasikia alinyamaza, kisha akauliza ya mama ni ipi. Mthamini ametia alama kwenye zile tatu, lakini ipi kati yake ni ya mama hajui mtu. Kaka amekubali alipwe mafungu yake mawili kwa pesa, kwa bei ya ripoti, na kidani kibaki kizima. Kuhusu jambia, bado tunavutana.