Kaa Waliokufa kwa Kukosa Baridi

Kila kiangazi meli za utafiti za Marekani hupita Bahari ya Bering, upande wa Alaska, kama mkulima anayekagua shamba tuta kwa tuta. Kituo na kituo hutenganishwa na maili 20 za baharini. Wavu hushushwa hadi sakafuni, huburutwa kwa dakika 30, kisha mzigo humwagwa sitahani: samaki, chaza, matope, kaa. Kaa hugeuzwa tumbo juu ijulikane ni dume au jike, kisha hupimwa upana wa gamba. Mwaka 2018 kaa wa theluji walijaa nyavuni, wengi wao wachanga, na wavuvi wakaanza kuhesabu misimu minono. Mwaka 2020 meli hazikutoka kwa sababu ya UVIKO-19. Ziliporudi mwaka 2021, kaa walikuwa wachache mno.

Wapo waliosema wamehamia upande wa Urusi. Wapo waliozilaumu meli zinazoburuta nyavu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science Oktoba 2023 ulitoa maelezo mengine: zaidi ya kaa bilioni 10 walitoweka, na kinachoelekea kuwaua ni njaa. Joto peke yake lisingeweza. Kaa huyu akiwekwa maabara huvumilia maji ya nyuzi 12 hivi, na sakafu ya bahari ile haikufika huko. Basi njaa ilitoka wapi?

Ilitoka juu, kwenye barafu. Upande wa mashariki wa Bering ni bahari ya kina kifupi, chini ya mita 200 kwa mamia ya kilomita. Majira ya baridi upepo wa kaskazini huvuma, na maji ya chumvi huanza kuganda kwenye nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Yanapoganda huitema chumvi yake. Maji yanayobaki huwa mazito na baridi kali, nayo huzama. Kiangazi jua hupasha tabaka la juu tu. La chini hubaki chini ya nyuzi 2 kwa miezi. Wanasayansi huliita dimbwi la baridi. Mimi naliona kama mtungi unaojazwa kufikia Machi na kunywewa hadi Septemba. Ndani yake kaa wachanga hukaa salama, kwa kuwa samaki aina ya kodi (si ile ya serikali) hapendi baridi ya namna hiyo, naye ni mlaji mkubwa wa kaa.

Majira ya baridi ya 2018, pepo za kusini zilitawala na barafu ikawa ndogo kuliko mwaka wowote tangu setilaiti zianze kuipima. Mtungi haukujazwa. Kodi wakapanda kaskazini kwa wingi. Lakini pigo kubwa lilikuwa ndani ya mwili wa kaa mwenyewe. Kaa hana joto lake. Hufuata joto la maji. Maji yakipanda nyuzi chache, mwili hufanya kazi kwa kasi na kudai chakula zaidi, kama jiko linalopulizwa linavyomaliza makaa. Watafiti walikadiria kuwa mahitaji ya chakula ya kaa hao mwaka 2018 yalikuwa karibu mara nne ya mwaka 2017. Sahani ileile, midomo mingi kuliko kawaida, na kila mdomo unadai zaidi.

Hata sahani yenyewe huandaliwa na barafu. Geuza pande la barafu mwezi Aprili: chini yake ni la kahawia, kama sufuria iliyounguza uji. Huo ni mwani mdogo sana unaoota gizagiza, ukisubiri jua. Barafu ikiyeyuka, sehemu kubwa ya mwani huzama na kuwalisha chaza, minyoo na jamaa zao walioko sakafuni, ambao ndio chakula cha kaa. Pasipo barafu mwani huchelewa, huchanua katika maji yenye joto na kuliwa hukohuko juu. Kinachofika chini ni makombo.

Huko juu nako shibe ni ya uongo. Katika miaka ya baridi huzaliana kopepodi wakubwa, viumbe vidogo vilivyojaa mafuta. Miaka ya joto huleta wadogo, wakavu. Kati ya 2001 na 2005 bahari ilikuwa na joto, na watoto wa samaki aina ya poloki walionekana wakistawi wakati wa kiangazi. Lakini waliingia majira ya baridi bila akiba ya mafuta, na wengi hawakuona mwaka uliofuata. Poloki huvuliwa zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka katika bahari hiyo, na sehemu yake husagwa ikauzwa kama nyama bandia ya kaa. Yaani hata kaa wa kuigiza wanaitegemea barafu.

Ndege wa baharini na sili nao waliokotwa wamekufa fukweni kwa wingi katika miaka ya karibu na 2018. Wawindaji Wayupik wa vijiji vya Gambell na Savoonga, ambao humfuata walarasi, mnyama mwenye pembe mbili ndefu mfano wa ndovu, kwenye mapande ya barafu, wamekuwa na siku chache za kuwinda. Kisiwani St. Paul, ambako mji uliendesha huduma zake kwa ushuru wa kaa, mapato yalikauka.

Oktoba 2022 uvuvi wa kaa wa theluji ulifungwa kwa mara ya kwanza katika historia yake, ukafungwa tena mwaka uliofuata. Ulifunguliwa mwaka 2024 kwa mgao wa tani 2,100 hivi. Mgao wa msimu wa 2020 ulikuwa tani 20,000 na ushei.