Dizeli yako kuukuu inatetemeka? Ipime kabla hujanunua vipuri

Umejipanga ukanunua pikapu ya dizeli iliyokula miaka, tuseme Hilux ya gia za mkono, ya kubebea mzigo wa biashara yako. Mjini iko sawa kabisa. Shida ni barabara kuu: mshale ukigonga 80, kiti kinaanza kukutetemesha na dashibodi inalia. Fundi wa kwanza anasema ni tairi. Wa pili anasema ni mauntini za injini. Wa tatu anataka ununue propela shafti nzima. Ukiwafuata wote, doo itaisha na gari bado litatetemeka.

Mtetemo hujitaja wenyewe ukijua unakuja lini na unausikia wapi. Jaribu mambo matatu.

Kwanza, gari likiwa limesimama. Vuta hendibreki, weka nyutro, kanyaga mafuta polepole. Likitetemeka hapo, usilaumu tairi wala shafti kwa sababu hazizunguki. Angalia injini: huenda mpira wa mauntini umepasuka, au nozeli moja hainyunyizi dizeli sawa na nyingine. Kumbuka dizeli hutikisika kuliko petroli hata ikiwa nzima, kwani hukandamiza hewa kwa nguvu zaidi. Mauntini ndizo huzuia mtikisiko huo usikufikie.

Pili, kasi moja, gia mbili. Kwenye barabara inayoruhusu, enda 70 kwa gia ya 5, kisha ingiza ya 4 bila kubadilisha kasi. Injini sasa inazunguka haraka zaidi, lakini magurudumu yako vilevile. Mtetemo ukibadilika, rudi kwa injini na klachi. Usipobadilika, tatizo liko chini: shafti, difu au magurudumu.

Tatu, unausikia wapi? Ukiwa kwa usukani, anza na tairi za mbele. Ukiwa kwa kiti na sakafu, ni shafti ama tairi za nyuma. Shafti huzunguka mara 3 hadi 4 hivi kila gurudumu linapozunguka mara moja, kwa hivyo mtetemo wake ni wa haraka, kama mvumo. Wa tairi huwa mzito na wa polepole. Balansi ya tairi haigharimu sana, kwa hivyo ianze.

Kama ni shafti, iangalie kabla ya kulipa. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, weka mawe magurudumuni, kisha nyutro. Usiwahi kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Shika shafti uizungushe huku na huku na kuisukuma juu na chini. Ikicheza kwenye krosi, kile kiungo chenye umbo la msalaba, krosi imelika. Vumbi jekundu la kutu hapo linamaanisha grisi iliisha kitambo. Kama shafti yako ni ya vipande viwili, angalia pia mpira wa beringi ya katikati. Tope lililogandia shafti nalo linatosha kuiharibia balansi.

Habari njema ni kwamba krosi hubadilishwa peke yake. Si lazima ununue shafti nzima. Ila mwambie fundi apige alama za rangi kabla hajafungua. Vipande vya shafti vikirudishwa bila kulingana kama mwanzo, utaondoka gereji na mtetemo mpya.

Na usizoee kuongeza sauti ya redio ili usisikie. Dalili nyingine ya krosi iliyochoka ni mlio wa "kong" unapoachilia klachi kuondoka. Ukiusikia pamoja na mtetemo, usipakie mzigo tena. Krosi ikikatika kwa mwendo, shafti huanguka. Upande wa mbele ukichoma lami, unaweza kulirusha gari. Hapo hesabu si ya vipuri tena, ni ya maisha yako na ya wale mnaotumia barabara pamoja.