Mwendo wa Kundi ni wa Aliye Nyuma

Ndugu msikilizaji, watu wa mijini wengi wamependa kwenda kutembea milimani mwishoni mwa juma. Huchanga fedha, hukodi basi dogo, hubeba maji na mikate, wakaenda kuvuta hewa safi. Jambo hilo ni jema, wala hakuna daktari atakayelikataza. Lakini kutembea kwa kundi si watu wengi kufuata njia moja tu. Kundi lina kanuni zake, na zikivunjwa, hata jeraha dogo laweza kugeuka balaa.

Nasema haya baada ya safari tuliyofanya watu kumi na wanane kutoka Dar es Salaam. Tulilala Mikumi, na alfajiri tukashika njia ya Kilosa, ile inayopitia Ulaya, kijiji ambacho jina lake lilituchekesha sote. Tulipofika Kilosa tukaanza kupanda vilima vilivyo magharibi ya mji, upande wa safu ya milima ya Rubeho. Kupanda kulikwenda vizuri. Taabu ilianza wakati wa kushuka. Vijana wenye miguu myepesi walitangulia, na mwandalizi wa safari akaenda nao. Tochi, maji mengi na sanduku la huduma ya kwanza, vyote vilikuwa huko mbele. Nyuma tulibaki watatu: mimi, kijana mmoja aliyebanwa na viatu, na mama mmoja, mwalimu mstaafu.

Tulipokuwa tukivuka kijito, mama yule alikanyaga jiwe lenye utelezi. Kifundo cha mguu kikapinda, akaanguka. Tuliita, lakini kelele za maji zilimeza sauti zetu. Hatua chache mbele njia iligawanyika, na hapakuwa na mtu aliyesimama kutuonyesha pa kufuata.

Pengine utauliza, kwa nini aanguke akishuka, na si alipokuwa akipanda? Wengi hudhani kushuka ni kupumzika. La hasha! Mtu anaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: hunyooshwa huku ikijikaza kuuzuia mwili usiporomoke. Kazi hiyo huchosha misuli na kuiumiza, ndiyo maana siku ya pili mtu hushuka ngazi kwa kuugulia. Misuli iliyochoka huchelewa kuitikia mguu unapoteleza. Aidha, kushuka huwa ni alasiri, wakati maji ya kunywa yamepungua na kila mtu anawaza kufika. Na huku kwetu karibu na ikweta, jua likishazama, giza huingia kwa muda usiozidi nusu saa.

Tuliokolewa na akina mama wawili waliokuwa wakirudi na mizigo ya kuni. Walitua mizigo yao, wakatusaidia kuufunga mguu kwa kanga, wakamkatia mwenzetu fimbo. “Pole, mama,” mmoja alimwambia. “Mwenda pole hajikwai. Twende taratibu.” Tulifika barabarani kiza kimeshaingia. Wenzetu walikuwa wameketi ndani ya basi, na neno la kwanza tulilopokelewa nalo lilikuwa, “Mmetuchelewesha.”

Neno hilo lilinichoma, hasa kwa kuwa lilisemwa Kilosa. Katika bonde la mto Mkondoa, unaopita hapo, ilipita misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Mwingereza Richard Burton alifuata njia hiyo mwaka 1857, na katika maandishi yake alieleza kuwa kirangozi ndiye aliyetangulia, na aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Wanyapara nao walikuwa na kazi ya kuwahimiza waliobaki nyuma. Wale walitembea miezi, wakibeba mizigo vichwani. Sisi tulishindwa kuwa pamoja kwa siku moja.

Kanuni basi ni hizi. Mbele atembee anayeijua njia, na asipitwe na yeyote. Wenye mwendo mdogo wakae karibu naye, ili mwendo wao uwe ndio mwendo wa wote. Nyuma kabisa atembee mtu mwenye nguvu, mwenye tochi na sanduku la huduma ya kwanza, ambaye hatampita mtu kwa sababu yoyote ile. Kila penye njia panda au kijito, kundi lisimame na kuhesabiana. Kadhalika, ipangwe saa ya kugeuka, na ikifika, mgeuke hata kama kilele mnakiona.

Na akiteguka mtu? Aketi. Mguu uinuliwe, upozwe kwa maji baridi na ufungwe kwa kitambaa, lakini usikazwe hadi vidole vife ganzi. Siku mbili za mwanzo usikandwe kwa maji ya moto, wala asiitwe fundi wa kuuvuta, maana kufanya hivyo huongeza uvimbe na, iwapo mfupa umevunjika, huleta madhara makubwa. Mgonjwa asipoweza kupiga hatua nne, au akiona maumivu mfupa wa kifundo unapobonyezwa, apelekwe hospitali akapigwe picha ya eksirei. Mwalimu wetu alipigwa picha, na mfupa ulikuwa mzima. Hata hivyo alitembelea fimbo kwa wiki tatu.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, utakapoalikwa kwenda mlimani, kabla hujatoa mchango wako muulize mwandalizi swali moja tu: ni nani atakayetembea nyuma? Akikutajia mtu kwa jina, funga viatu vyako uende. Akikujibu kwamba kila mtu atajiangalia mwenyewe, fedha yako irudishe mfukoni.