Wakili wa Siku Mbili kwa Juma



Ukipita barabara ya Kampala kwenda Jinja, kuanzia Mukono hata Lugazi, utaona vibao vya viwanja vinavyouzwa, futi 50 kwa 100. Wenzetu wa viwandani na wa mashamba ya miwa wamechoka kulipa kodi ya chumba kimoja. Wanaunda vikundi vya akiba, wananunua ekari kadhaa kwa pamoja, wanazikata, wanagawana, na vinavyobaki wanauza. Jambo jema. Lakini kikundi kinachonunua ardhi na kuuza viwanja kimekwisha kuwa kampuni ya viwanja, wapende wasipende, na kampuni ya namna hiyo haifai kukaa bila mkuu wa sheria.

Nikisema hivyo mikutanoni watu hucheka. Mkuu wa sheria, sisi wakata miwa? Hiyo si mambo ya mabenki? Mimi nimeishia shule ya msingi, lakini hesabu najua. Kikundi cha watu 60 hakina kazi ya kumshughulisha wakili mwezi mzima. Kinamhitaji siku mbili kwa juma wakati wa kununua, na pengine siku moja kwa mwezi baadaye. Siku nyingine ana wateja wake. Basi mpatane naye kwa siku hizo tu, mlipe siku hizo tu, lakini cheo awe nacho kamili: neno la sheria katika kikundi liwe lake.

Wengi humwita wakili siku ya mwisho, aje aandike mapatano na kugonga muhuri. Hapo amechelewa. Kazi kubwa iko kabla ya arabuni.

Katika Buganda ardhi nyingi ni ya mailo, mpango uliotokana na mapatano ya 1900. Juu ya ardhi moja huweza kuwapo watu wawili wenye haki: mwenye hati, na mwenye kibanja aliyejenga na kulima hapo. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda aliyekaa na kuitumia ardhi bila kupingwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995. Hati ikiuzwa, haki yake haiondoki. Kwa hiyo mnaweza kununua hati safi kabisa, mkafika na kamba za mpima ardhi, mkakuta migomba ya watu na makaburi ya babu zao. Na ukinunua kibanja badala ya hati, sheria inataka mwenye ardhi awe amepewa kwanza nafasi ya kununua.

Tena kuna mke au mume wa muuzaji. Ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea kwa chakula haiuzwi bila ridhaa yake. Kuna bwawa pia: ardhi oevu imewekwa na Katiba mikononi mwa serikali kwa ajili ya umma, na hati zilizotolewa humo zimekuwa zikifutwa. Wakati wa kiangazi bwawa huonekana kama uwanja wa mpira! Tume ya Jaji Catherine Bamugemereire, iliyokabidhi ripoti yake 2020, ilisikiliza malalamiko ya ardhi kutoka pembe zote za Uganda. Basi msidhani matapeli ni hadithi za kutishia watoto.

Sasa malipo, na hapa ndipo ninapowaomba msome polepole. Msimlipe mwanasheria wenu kwa kila kiwanja kinachonunuliwa au kuuzwa. Dalali hulipwa hivyo, na ndiyo sababu dalali hajui kusema hapana. Mwanasheria alipwe kwa siku zake, fedha ile ile akisema nunueni au akisema acheni. Siku atakapowaambia acheni, ndiyo siku aliyofanya kazi yenu hasa.

Muuzaji akiwaambia, "Tunaye wakili wetu, atatuandikia sote, mtapunguza gharama," mshukuruni na mkatae. Tunapozungumza mishahara, je, tunamwachia tajiri atuchagulie msemaji?

Mapatano ya kazi yawe ya maandishi. Yataje siku zake, malipo yake, na kwamba haruhusiwi kumtumikia muuzaji wala dalali katika shamba hilo hilo. Mhazini asitoe hata shilingi kabla ya kupata barua yenye sahihi ya mwanasheria kwamba amekagua. Lakini mwanasheria huyo asiwe mtia sahihi wa benki. Anayekagua asishike fedha. Nakala za karatasi zote zikae kwa katibu wa kikundi, maana mtu wa siku mbili anaweza kuhama, na kabati lake likahama naye.

Kabla ya kumwajiri mwombeni leseni yake ya uwakili. Leseni hiyo hutolewa kwa mwaka mmoja na huisha tarehe 31 Desemba, kwa hiyo ya mwaka juzi haisaidii. Ulizeni Law Council kama jina lake limo.

Kikundi kilichokwisha kutoa arabuni kabla ya kusoma haya kisikae kimya. Kipeleke mapatano yake kwa wakili juma hili, akapekue daftari katika ofisi ya ardhi, na ikiwa hati ipo, aweke zuio juu yake ili isiuzwe kwa mwingine huku nanyi mnachanga.