Shingo Kwanza, Rangi Baadaye: Gitaa la Umeme la Bei Nafuu kwa Roki na Metali

Gitaa la umeme halitegemei hewa iliyomo ndani ya sanduku la mbao ili lisikike, kama lifanyavyo gitaa la kawaida lenye tumbo wazi. Chini ya nyuzi zake za chuma hukaa kifaa ambacho wanamuziki hukiita pikapu, neno ambalo kwa wasomaji wengi ni gari dogo la mizigo, lakini ambalo hapa lina maana ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi unapotikisika juu ya sumaku hiyo huvuruga uga wake, na mvurugiko huo huzalisha katika waya mkondo hafifu wa umeme unaofuata kila mtikisiko wa uzi. Mkondo hupita katika kebo hadi kwenye amplifaya, yaani mashine ya kuukuza, kisha kwenye spika. Kanuni yenyewe ni ileile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, nayo ndiyo inayowasha taa ya baiskeli yenye dainamo. Kwa kuwa sauti huzaliwa na uzi na pikapu, mengi yanayopandisha bei ya gitaa dukani, kama vile rangi inayong'aa, ubao wenye mistari ya kuvutia na jina lililoandikwa kichwani, huchangia kidogo tu katika kinachotoka spikani. Wapo wanaoshikilia kwamba aina ya mbao hubadili sauti, na ubishi huo una umri mrefu. Hata wao, hata hivyo, watapata taabu kuitambua mbao waipendayo mara amplifaya itakapofunguliwa kwa kiwango kinachotakiwa na metali.

Kiwango hicho ndicho kinacholeta kitu kiitwacho distoshini. Amplifaya inapolazimishwa kukuza mkondo kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa kama ua unavyosawazishwa kwa panga, na ukataji huo huzaa sauti mpya ambazo hazikuwamo katika uzi wenyewe; ndizo zinazoupa muziki wa roki, na zaidi mtoto wake mkali metali, ule mngurumo wenye mkwaruzo. Pamoja na vilele kukatwa, mabonde nayo huinuliwa, hata sauti ndogo ikakaribia kulingana na sauti kubwa. Kidole kilichogusa uzi usiopigwa, skrubu iliyolegea, kipande cha waya kiitwacho freti kilichochomoza shingoni, mvumo wa umeme wa ukutani, vyote husikika pamoja na noti iliyokusudiwa na karibu kwa nguvu sawa nayo. Gitaa bovu linaweza kuvumilika katika wimbo wa taratibu unaopigwa kwa sauti safi. Katika metali aibu yake hujulikana tangu noti ya kwanza.

Tarakimu chache zitaonyesha ukubwa wa jambo hili. Nguzo ya muziki huu ni noti mbili zinazopigwa pamoja, ya msingi na ya tano yake, ambazo wapiga magitaa huziita pawakodi. Uzi mnene kabisa ukiachwa wazi hutetemeka takriban mara 82.4 kwa sekunde, yaani hezi 82.4, na noti ya tano iliyo juu yake hutetemeka kwa hezi 123.5. Distoshini huzichanganya mbili hizi na kuzaa ya tatu ambayo ni tofauti yao, hezi 41 hivi, na kwa kuwa 41 ni nusu ya 82, sikio husikia kana kwamba gitaa la besi limeingia oktavu moja chini, ingawa hakuna aliyeligusa. Uzito wa metali umekaa hapo. Ichukuliwe sasa kwamba freti haikuwekwa mahali pake na noti ya pili ikapanda hadi hezi 125.5, hitilafu ya mitetemo miwili tu. Kila uzi hutoa, pamoja na sauti yake ya msingi, sauti nyingine zilizo mara mbili, mara tatu na kuendelea ya mtetemo wa msingi; basi sauti ya tatu ya noti ya chini, hezi 247.2, itagongana na sauti ya pili ya noti ya juu, hezi 251, na mgongano huo utasikika kama mapigo karibu manne kila sekunde, yakiyumba yumba ndani ya mngurumo uliotakiwa kusimama imara kama ukuta. Mwanafunzi atadhani vidole vyake ndivyo vibovu, na wapo walioliacha gitaa kwa kosa ambalo halikuwa lao.

Ndiyo maana mwenye pesa kidogo hana budi kuanza ukaguzi wake kwenye shingo. Freti, vile vipande vya waya mgumu vilivyokingamishwa juu ya shingo, ndizo zinazoamua urefu wa uzi unaotetemeka, na kwa hiyo ndizo zinazoamua noti. Uzi mnene ukibanwa kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja huwa rula iliyonyooka, na nafasi inayobaki kati yake na freti ya saba au ya nane inapaswa kuwa ndogo, isiyozidi unene wa kadi ya biashara. Nafasi ikizidi, shingo imepinda mbele kwa mvuto wa nyuzi. Ikikosekana kabisa, huenda imepinda nyuma. Kupinda kidogo hakumfukuzi mnunuzi, kwa sababu ndani ya shingo nyingi mna nondo nyembamba inayokazwa au kulegezwa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita, na marekebisho hayo huchukua dakika chache. Kinachotakiwa kuogopwa ni shingo iliyojisokota kama kamba, ambayo nondo haiwezi kuinyoosha, na freti zisizolingana kimo, kwa kuwa kuzisawazisha ni kazi ya fundi mzoefu, na si kila mji unaye. Kiganja kipitishwe pembezoni mwa shingo: mbao ikikauka hunywea lakini chuma hakinywei, na ncha za freti hubaki nje zikikwaruza kama meno ya msumeno. Kisha kila noti ipigwe, uzi kwa uzi, freti kwa freti, bila kuona haya mbele ya muuzaji anayetazama saa.

Jaribio la mwisho la shingo hufanywa kwenye freti ya 12, iliyo nusu ya urefu wa uzi. Uzi ukiguswa kwa wepesi juu kabisa ya freti hiyo, pasipo kukandamizwa, hutoa sauti nyembamba kama ya filimbi. Ukikandamizwa hapo hapo unapaswa kutoa noti ileile. Zikitofautiana, skrubu zilizoko kwenye daraja, yaani kipande cha chuma kinachoshika nyuzi upande wa mwili wa gitaa, husogezwa mpaka zilingane. Skrubu zikiwa zimefika mwisho na noti bado hazijalingana, gitaa hilo liachwe lilipo.

Mvumo wa umeme una historia yake. Pikapu yenye koili moja, yaani bunda moja la waya uliozungushwa, kama zile tatu zilizomo katika Stratocaster ambayo kampuni ya Fender iliitoa mwaka 1954, hufanya pia kazi ya antena: hunasa uga wa nyaya za jengo, ambao Afrika Mashariki, kwenye umeme wa hezi 50, huwa mvumo mzito usiokoma. Mwaka 1955 mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili zilizosukwa kwa mielekeo inayopingana na zenye ncha za sumaku zilizogeuzwa, kiasi kwamba mvumo unaoingia katika koili moja hufutwa na ule wa koili ya pili, ilhali sauti ya uzi hujumlishwa. Pikapu hiyo huitwa hambaka. Kwa metali, hambaka moja karibu na daraja ni sharti, na zilizobaki ni hiari. Hapa mwenye kipato kidogo ana bahati: pikapu za bei nafuu mara nyingi hutumia sumaku za kauri, ambazo ni rahisi kutengeneza na zenye nguvu, na sumaku za kauri ndizo pia zilizomo katika EMG 81, pikapu inayotumia betri ya volti 9 na ambayo jina lake limeshikamana na James Hetfield na Kirk Hammett wa Metallica. Pikapu, isitoshe, hubadilishwa baadaye kwa bisibisi na chuma cha kulehemu. Eddie Van Halen alifanya hivyo katika miaka ya 1970, alipotia hambaka iliyotolewa kwenye gitaa la Gibson ndani ya mwili wenye umbo la Stratocaster alioununua kwa dola 50, ukiwa na shingo ya dola 80, na gitaa hilo la kuungaunga likasikika katika albamu ya kwanza ya bendi yake, Van Halen, ya mwaka 1978.

Wapigaji wa metali hupenda pia kushusha nyuzi chini ya kiwango cha kawaida, desturi ambayo kwa sehemu kubwa hurejeshwa kwa Tony Iommi wa Birmingham. Mwaka 1965, akiwa kijana wa miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ambao kwake, kwa kuwa ni mtu wa shoto, ndio unaobana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa ya sabuni iliyoyeyushwa, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize sana. Kufikia albamu ya tatu ya bendi yake, Black Sabbath, ya mwaka 1971, baadhi ya nyimbo zilipigwa toni moja na nusu chini. Kulegeza huko kuna gharama, kwani mvuto wa uzi hupungua kwa mraba wa mtetemo: ukishushwa toni moja hupoteza takriban asilimia 21 ya mvuto wake, ukishushwa toni mbili karibu asilimia 37, na kinachobaki hupwaya na kugonga freti. Dawa ni nyuzi nene zaidi au shingo ndefu zaidi. Magitaa mengi ya jamii ya Fender, Jackson na Ibanez yana urefu wa uzi wa milimita 648, na yale ya jamii ya Gibson na Epiphone yako karibu na 628. Tofauti hiyo ndogo huongeza mvuto kwa asilimia 6 hivi, na anayekusudia kushuka sana ataiona faida yake kwenye uzi mnene.

Kuhusu daraja, ushauri wa makala hii hauna mapambo: daraja lisilotembea. Madaraja yanayoelea juu ya springi, ya aina aliyoibuni Floyd Rose katika miaka ya 1970, humwezesha mpigaji kuzishusha nyuzi ghafla kwa mkono wa chuma na kuzirudisha, lakini hukaa juu ya kingo kali kama za kisu, na kingo za chuma laini kinachotumika katika matoleo ya bei ya chini hulika, baada ya hapo nyuzi hazirudi tena kwenye noti zake. Kasoro hiyo haitokani na ufukara peke yake. Brian May wa Queen, bendi ambayo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, alianza mwaka 1963 kuunda gitaa pamoja na baba yake kwa mbao ya meko ya zamani, na springi za daraja lake walizitoa katika injini ya pikipiki kuukuu. Gitaa hilo amelipiga maisha yake yote. Baba na mwana hawakuwa na fedha, ila walikuwa na wakati, na kiwanda kinachouza kwa dola 200 hakina hata kimoja cha kumpa mnunuzi.

Katika bei ya dola 200 hadi 350 za Marekani yapo magitaa ya kuheshimika: Jackson ya mfululizo wa JS, Ibanez ya mfululizo wa Gio, Yamaha Pacifica, Squier ambayo ni chapa ya bei nafuu ya Fender, na Epiphone iliyo chini ya Gibson. Mengi huundwa Indonesia au Uchina kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, nazo huchonga shingo ya gitaa la bei rahisi kwa usahihi ambao zamani haukupatikana kwa bei hiyo. Ubao wa juu wa shingo huenda usiwe wa rozwudi, kwa kuwa biashara ya miti yote ya jenasi ya Dalbergia, iliyo ukoo wa rozwudi, iliwekewa vibali vya kimataifa mwaka 2017, ingawa ala za muziki zilizokamilika zililegezewa mwaka 2019; viwanda vikahamia miti mingine, na hakuna sababu ya kuikataa. Msomaji wa Tanzania atatambua kwamba mpingo ni wa ukoo huohuo.

Bajeti, hata hivyo, isiishie kwenye gitaa. Amplifaya ndogo yenye distoshini nzuri hubadili sauti zaidi kuliko kupanda ngazi moja ya bei ya gitaa, na mwenye dola 350 atafanya vyema kuzigawa. Anayenunua mtumba, hasa katika miji ya pwani ambako hewa ya chumvi hula chuma, atazame kutu kwenye freti na skrubu za daraja kabla ya kuuliza bei. Kisha gitaa lichomekwe, distoshini ipandishwe, na mikono yote miwili iondolewe. Mvumo utasikika. Mnunuzi aziguse nyuzi kwa kiganja: mvumo ukipungua, waya wa ardhi unaounganisha daraja na saketi ya ndani uko salama; mvumo usipobadilika, waya huo umekatika au umeachia, na bei ipunguzwe kwa kiasi cha kazi ya kulehemu.