Maneno ya Kifaransa ya Kusifia Uungwana, na Maneno Yetu

Ndugu wasomaji, na ninyi wanafunzi mnaowasomea wazee barazani, leo twataka kueleza habari za maneno ambayo watu huyatumia wanaposifu adabu, unadhifu na mwendo mzuri wa mtu. Kila taifa lina maneno yake ya kazi hiyo. Walakini ni jambo la kuangaliwa kwamba mataifa mengi, yakitaka kusifu uzuri wa namna hii, hayatosheki na maneno ya nyumbani, bali huazima ya wageni. Wazungu wengi waliazima kwa Wafaransa. Sisi watu wa pwani, tangu Lamu hata Kilwa, pamoja na Mohoro yetu hapa Rufiji, tuliazima zaidi kwa Waarabu. Tukizitazama habari hizi mbili pamoja, tutafahamu ni wakati gani neno la kuazima humpamba msemaji, na ni wakati gani humwaibisha.

Kwanza tuulize: kwa nini Kifaransa? Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy katika nchi ya Ufaransa, alivuka bahari akaishinda Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa wa Uingereza walisema Kifaransa, na wakulima wakasema lugha yao ya asili. Alama yake ingalipo hata leo: katika Kiingereza, ng'ombe, kondoo na nguruwe wakiwa zizini wana majina ya wenyeji, lakini nyama yao ikiisha pikwa na kuwekwa mezani huitwa kwa majina yenye asili ya Kifaransa. Aliyechunga aliliacha jina lake malishoni, na aliyekula aliliacha lake mezani.

Baadaye akatawala Ufaransa mfalme Louis wa kumi na nne, tangu 1643 hata 1715. Jumba lake la Versailles lilikuwa mfano wa fahari kwa wafalme wengine wa Ulaya. Wafaransa walikuwa wamekwisha kuunda chuo cha kulinda lugha yao mwaka 1635, na kamusi ya kwanza ya chuo hicho ilitoka mwaka 1694. Basi mabwana wa nchi nyingine, hata wa Urusi iliyo mbali, wakaona fahari kusema Kifaransa nyumbani mwao. Mabalozi nao wakakitumia katika mikataba. Mwaka 1919, mkataba uliofanywa Versailles baada ya Vita Kuu ya kwanza uliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza pamoja, na Kifaransa hakikuwa tena peke yake mezani.

Sasa tuyatazame baadhi ya maneno yenyewe, maana ni mazuri, na mtu akiyajua asili yake hujifunza kitu.

La kwanza ni élégance, hutamkwa karibu na "elegansi". Maana yake ni uzuri wa kadiri, usiokuwa na makelele. Asili yake ni Kilatini, nalo ni jamaa ya neno lenye maana ya kuchagua. Hapo pana fundisho. Mwanamke mwenye doti moja ya kanga aliyoichagua vema, safi, iliyomkaa sawasawa, anayo sifa hiyo kuliko yule aliyevaa vito vyote vya sandukuni kwa siku moja. Sisi twaweza kusema: ana umaridadi, au ni mtanashati.

La pili ni politesse, yaani adabu ya maneno na matendo. Neno poli, lililo karibu yake, husemwa kwa kitu kilicholainishwa hata kikang'aa. Fundi seremala ataelewa mara moja: ubao uliopigwa msasa haumchomi mtu mkono. Mtu mwenye adabu ndivyo alivyo; ukimgusa kwa neno, hakuchomi.

La tatu ni raffiné. Neno hilo husemwa kwa mtu aliyetakata katika tabia na katika kupambanua mazuri, na husemwa pia kwa sukari iliyosafishwa mpaka ikawa nyeupe. Tafadhali wasomaji walikumbuke neno hili la sukari, kwa maana tutalirudia.

La nne ni étiquette. Zamani lilikuwa kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya kitu ili kijulikane. Kisha likawa jina la sheria za nyumba ya mfalme: nani akae, nani asimame, nani atangulie. Sisi pia tunazo taratibu zetu. Mgeni hupiga hodi, asipoitikiwa mara ya tatu huenda zake. Kijana humwachia mzee kiti. Mwenyeji humnawisha mgeni mikono kabla ya chakula. Hatukuziandika katika karatasi, lakini asiyezifuata hujulikana upesi.

Kisha pana semi zenye maneno zaidi ya moja. Savoir-vivre maana yake ni "kujua kuishi", yaani kujua kukaa na watu. Comme il faut ni "kama ipasavyo". Noblesse oblige ni kusema kwamba ukubwa una wajibu wake: aliyezaliwa katika heshima yampasa kutenda ya heshima. Na mtu aliyevaa vizuri sana Wafaransa humsema kuwa amevutwa kwa pini nne, kama kitambaa kilichotandazwa na kushikwa pembe zote, hata hakina kikunjo.

Hayo ndiyo ya Kifaransa. Je, sisi? Majahazi yaliyokuja katika delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko yalizipeleka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni michache. Katika biashara ya pwani yote, bidhaa hazikusafiri bila maneno. Adabu, heshima, nadhifu, latifu, taadhima, haiba, bashasha: yote haya asili yake ni Kiarabu. Mengine yamebadilika njiani. Haiba kwa Kiarabu ni utisho wa mtu mkubwa, ule unaowafanya watu wanyamaze aingiapo. Kwetu limekuwa uzuri unaovuta macho. Adabu kwa Kiarabu ni mwenendo mwema na pia ni elimu ya maandishi mazuri; kwetu limebaki upande wa mwenendo, hata "kumtia mtu adabu" ikawa ni kumrudi.

Neno lililo zuri kupita yote, kwa maoni yetu, ni murua. Katika Kiarabu lilitokana na neno lenye maana ya mtu mume, na maana yake ni sifa zimfaazo mtu kweli. Tazama basi: Mwarabu alipotaka jina la tabia njema alilitoa katika neno "mtu", na sisi tulipotaka jina hilo tulisema "utu". Watu wawili wasiojuana walichimba kisima mahali pamoja.

Lakini yako maneno mawili yanayohitaji uangalifu, nayo ni uungwana na ustaarabu. Zamani muungwana alikuwa mtu huru wa mjini, asiye mtumwa. Neno lilisifu tabia, lakini pia lilijenga ukuta: huku waungwana, kule watumwa, na nyuma yao watu wa bara na wa mashamba walioitwa washenzi. Baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, nguvu na mali zikawa mikononi mwa Waarabu wa Oman, na kuelekea mwisho wa karne hiyo neno ustaarabu likaanza kushika mahali pa uungwana. Asili yake ni kitendo cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya kama Mwarabu. Yaani heshima haikuwa tena kuwa mtu wa mji wako, bali kufanana na mwenye nguvu. Wazungu walipotawala, kwa wengine heshima ikawa kufanana na Mzungu. Neno lilibaki lile lile, na wa kuigwa akabadilika.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji watulie, maana si habari ya maneno matupu. Tarehe 14 Septemba 1776, Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, mji ulio kusini mwa Mohoro. Alikubaliwa kupewa watumwa elfu moja kila mwaka, kila mmoja kwa piastre 20, na Sultani apate zawadi ya piastre 2 kwa kila kichwa. Watu waliouzwa Kilwa katika biashara hiyo walipelekwa katika visiwa vya Wafaransa, ambavyo leo huitwa Mauritius na Réunion, wakafanya kazi katika mashamba. Wakati ule ule, huko Ufaransa, maneno yale tuliyoyataja yalikuwa yakisemwa kwa utaratibu katika nyumba za wakubwa. Waliojisifu kuwa wajua kuishi waliwanunua watu, na wetu waliojisifu kuwa waungwana waliwauza. Sukari ilisafishwa ikawa nyeupe, mioyo haikusafishwa.

Tena Mohoro yenyewe ina ushuhuda wake. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, Wajerumani, waliosema wameleta ustaarabu, walimnyonga Kinjikitile Ngwale hapa Mohoro tarehe 4 Agosti. Vita vilipokwisha, njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba na vyakula iliwaua watu wengi sana. Mwenye neno zuri si lazima awe mwenye tendo zuri.

Utumwa ulipoondolewa, Unguja hali ya utumwa ikikataliwa kisheria mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, neno muungwana lilipoteza ule ukuta wake. Halikufa. Lilibaki na sehemu yake njema, na leo twamwita muungwana mtu yeyote mwenye kutenda wema, awe wa mjini au wa shamba. Wazee walikwisha sema: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Hivyo neno lenye asili mbaya laweza kutakaswa na wale walitumialo.

Baada ya hayo, mtu atauliza: je, ni vibaya kutumia maneno ya kigeni? La, si vibaya. Kiswahili kisingekuwa hivi kilivyo bila kuazima. Hata mapadre Wafaransa waliojenga misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walifaidi lugha yetu: padre Charles Sacleux alitunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, na wachunguzi wa lugha wanaitumia hata leo. Na neno divai husemwa kuwa latokana na Kifaransa. Lakini yako mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza, ujue maana ya neno kabla hujalitamka. Mwenye kumwita bwana arusi latifu, ilhali ataka kusema ana nguvu, amemsifu kwa sifa asiyoikusudia.

La pili, umwangalie unayesema naye. Neno la heshima asilolielewa msikilizaji halimheshimu, bali humfungia mlango. Tuchukue mfano. Kijana atoka Dar es Salaam arudi Mohoro kumwona bibi yake. Bibi amtandikia mkeka mpya, ampa maji ya kunawa, amwekea samaki na wali, na yeye mwenyewe akaa kando mpaka mjukuu ashibe. Kijana asema, "Bibi, chakula ni kizuri, ila huku hakuna ustaarabu, hakuna meza." Bibi ajibu, "Mjukuu wangu, meza sina. Basi kula, usije ukalala na njaa." Nani hapo aliyekuwa na savoir-vivre? Yule ambaye hajalisikia neno hilo maisha yake yote.

La tatu, utafute kwanza nyumbani. Kwa Kiswahili twaweza kusema utu, uungwana, umbuji, staha, madaha, umaridadi, utanashati na murua, na kila moja lina mahali pake. Umbuji ni uzuri wa kauli na wa kazi ya mikono. Madaha ni ya mwendo na maungo. Utanashati ni wa mavazi. Staha ni kumjali mwenzio. Mwenye maneno haya yote, naye akaenda kuazima, ni kama mtu aombaye chumvi kwa jirani ilhali chungu chake kimejaa.

Ninyi wanafunzi, tunawapa kazi ndogo. Mwulizeni mzee mmoja nyumbani, wa Kirufiji, wa Kindengereko au wa Kimatumbi, kwa lugha yake humwitaje mtu mwenye adabu, na humsifuje aliyevaa vizuri. Andikeni maneno hayo katika daftari, pamoja na mfano wa mtu aliyesifiwa na sababu ya kusifiwa kwake. Mkiulizwa siku moja maana ya élégance, mtaweza kuieleza kwa kinywa cha kwenu, na mzee atakayewasikiliza atajua kwamba kusoma hakujawatenga naye.