Hakuna dawa ya kutoa ethanoli kwenye tangi

"Nitie dawa gani ili ethanoli itoke?" Nimeulizwa hivyo na madereva wa teksi za simu wa Des Moines, hapa Iowa, na akina mama walionunua gari lao la kwanza Cedar Rapids, hata na mwenye sheli, mtu ambaye chini ya miguu yake kuna maelfu ya galoni za mafuta hayo hayo. Wengine dawa wameshainunua na wanachotaka kwangu ni baraka tu. Sitoi.

Hofu yenyewe naielewa. Wengi wetu tumetoka kwenye miji ambako mafuta yakichanganywa, kuna mtu anaibiwa. Tanzania, kwa mfano, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili mkaguzi awatambue wanaochakachua kwa mafuta ya taa. Mtu aliyezoea hayo akifika Iowa, akasoma kwenye pampu kwamba sehemu moja ya kumi ya anachonunua ni pombe ya mahindi, moja kwa moja anajua ameshapigwa. Lakini huku kuchanganya ndiko kutii sheria. Sheria ya nishati ya 2005, iliyopanuliwa 2007, inawabana wasafishaji na waagizaji wa mafuta waingize sokoni kiasi kilichopangwa cha nishati ya mimea kila mwaka. Ndiyo maana karibu petroli yote ya Marekani leo ni E10, yaani ethanoli asilimia 10, na gari lililotengenezwa kwa soko hili limetengenezwa kwa mafuta hayo.

Sasa tuje kwenye chupa. Igeuze usome maandishi madogo ya nyuma, yale ambayo muuzaji anaomba Mungu usiyasome. Dawa nyingi za "kukausha maji kwenye mafuta" ni methanoli au isopropili. Hizo nazo ni pombe! Tangi la galoni 15 lililojaa E10 tayari lina galoni moja na nusu ya ethanoli, karibu lita tano na robo tatu. Wewe unaongeza chupa ya mililita 355, kisha unaniambia umeitoa pombe. Umeiongeza, tena kwa bei ambayo ungepata galoni nzima ya mafuta na chenji juu.

Kuna aina nyingine inayojinadi kuwa inayarudisha pamoja mafuta yaliyokwisha kujitenga na maji. Ili kiasi kile cha maji kirudi ndani ya petroli, kingehitaji pombe nyingi kuliko inavyoweza kubebwa na chupa yoyote ya kaunta. Dawa za kutunza mafuta yanayokaa muda mrefu zina kazi yake, maana huchelewesha kuoza na kutu, lakini hata hizo hazitoi ethanoli. Anayekuambia zinatoa hajui anachouza, au anajua sana.

Halafu wako mafundi wa video, na hawa ndio wananimaliza. Anamimina E10 kwenye chupa ya kioo, anatia maji, anatikisa, anaiacha itulie. Baada ya muda kunakuwa na matabaka mawili, na lile la chini ni kubwa kuliko maji aliyotia. Hapo anashangilia: ethanoli imeshuka! Ni kweli imeshuka. Ethanoli hupenda maji kuliko inavyopenda petroli, kwa hiyo imeihama petroli. Asichokuambia ni kile kilichobaki juu. Viwanda vya Marekani vingi havisafishi petroli ya okteni 87 (okteni ni kipimo cha mafuta kuhimili kugonga kwa injini) kisha vikaitia ethanoli. Vinasafisha petroli ya msingi ya okteni 84 hivi, na ethanoli ya asilimia 10 inayotiwa lori linapopakia ndiyo inayoipandisha hadi 87. Ukiiosha, umerudi kwenye 84, mafuta ambayo hakuna kituo cha Iowa kingeruhusiwa kukuuzia kama petroli ya kawaida. Injini inaanza kugonga ukipanda mlima au ukikaza mwendo, unarudi kwa fundi, na fundi anakuuzia dawa ya kuongeza okteni. Na lile tabaka la chini la maji, pombe na mabaki ya petroli unalimwaga wapi? Kwenye bustani ya mchicha?

Kinachowatisha watu hadi wafike huko ni ile hadithi kwamba ethanoli "inafyonza maji hewani" mpaka tangi linajaa maji. Gari la leo lina mfumo uliofungwa wa kuzuia mvuke wa mafuta usitoke, kwa hiyo hewa yenye unyevu haiingii na kutoka ovyo. Hata kwenye kidumu kilichoachwa wazi, unyevu wa hewani huingia taratibu sana, kwa miezi mingi. Tena E10 hubeba maji vizuri kuliko petroli tupu. Kwenye joto la nyuzi 15, lita moja ya E10 huyeyusha kama mililita 5 za maji kabla ya kujitenga, wakati petroli tupu haifiki hata mililita moja. Kwa tangi lako la galoni 15 hiyo ni karibu mililita 280, zaidi ya glasi moja, na yote hupita kwenye injini na kutoka kwa bomba la moshi. Baridi kali inaupunguza uwezo huo, sikatai. Lakini majira ya baridi ya Iowa ndipo pombe inapokusaidia, kwa sababu inayazuia maji madogo yasigande kwenye mipira ya mafuta.

Maji yanayozima magari huanzia mahali pengine: kwenye tangi la kituo. Mvua imenyesha, mfuniko wa kujazia haukufungwa sawasawa, maji yameingia. Kwa petroli tupu yangelala chini, chini kabisa mwa tangi, mbali na mdomo wa pampu. Kwa E10 yanaiteka ethanoli, tabaka la chini linavimba, linaifikia pampu, na magari matatu yanazimika barabarani saa moja baada ya kujaza. Wateja wanailaumu ethanoli, na mwenye kituo kwa furaha yote anawaunga mkono. Likikukuta hilo, tunza risiti na upeleke malalamiko kwa ofisi ya mizani na vipimo ya Idara ya Kilimo ya Iowa, ambayo ndiyo hukagua pampu.

Hasara halisi ni ndogo na inahesabika. Ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja ikilinganishwa na petroli, galoni kwa galoni. E10 inakupunguzia mwendo kama asilimia 3 kuliko petroli tupu, na E15, yenye ethanoli asilimia 15, inapunguza tena moja na nusu hadi mbili. E10 ikiwa dola 3, basi E15 isipokuwa chini kwa senti 6 hivi, hujaokoa kitu.

Na E15 utaiona sana, maana sheria ya Iowa ya 2022 inavitaka vituo vingi viiuze kuanzia 2026. Vidogo na vyenye matangi yasiyofaa vinaweza kuomba msamaha. EPA, shirika la serikali kuu la mazingira, inaruhusu E15 kwenye magari madogo ya kuanzia mwaka 2001. Pikipiki, boti, jenereta, mashine ya kukata nyasi: marufuku, na kibandiko cha rangi ya chungwa kwenye pampu kinasema hivyo. Pampu nyingi huiita 88, kwa okteni yake, kwa hiyo usiishike kwa sababu tu namba ni kubwa. E85 ni ya magari yaliyotengenezwa kuipokea. Tazama mwongozo wa gari, na mara nyingi kifuniko cha njano. Mashine ya nyasi inayolala baridi nzima inunulie petroli isiyo na ethanoli, lakini chagua pampu yenye mpira wake peke yake: mpira wa pamoja hubaki na karibu theluthi ya galoni ya mteja aliyetangulia, kwa hiyo kwenye kidumu cha galoni moja theluthi yake si ulichokilipia. Gari la zamani lenye kabureta, badilisha mipira ya mafuta na uwe na chujio la akiba, maana ethanoli huamsha uchafu uliolala.

Wenye vituo: dawa ya kawaida ya kupakwa kwenye fimbo ya kupimia haioni maji yaliyochanganyika na ethanoli, nunueni ile ya mafuta yenye pombe. Kabla ya kuhamia E15, tafuteni hati za watengenezaji zinazoonyesha kwamba tangi, mabomba na gundi za viungo vinaihimili. Na ofisi inayosimamia matangi ya chini ya ardhi, kwa Iowa ni Idara ya Maliasili, ipate taarifa yenu angalau siku 30 kabla lori la kwanza halijamwaga.